Boksi la Zawadi Lenye Wazo Moja: Ushauri kwa Mwenye Biashara Anayetaka Kukumbukwa

Kila mwaka ukifika Novemba, ofisi za Dar es Salaam huanza kupokea kalenda za ukutani, shajara, kalamu na vikombe vyenye nembo za kampuni. Mtu mmoja mwenye akaunti benki, bima ya gari na wauzaji wawili watatu anaowaagiza bidhaa anaweza kujikuta na kalenda tano mezani, na ukuta wake una msumari mmoja. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandaa maboksi ya zawadi kwa niaba ya maduka na kampuni, huulizwa mara nyingi kama boksi la zawadi lina faida kuliko vitu hivyo vilivyozoeleka. Jibu langu ni kwamba lina faida, kwa sharti kwamba vilivyomo ndani vishikamane kwa wazo moja ambalo mpokeaji atalitambua bila kuelezwa. Boksi lililojazwa vitu vilivyopatikana kwa bei nafuu siku hiyo, hata likifungwa kwa utepe wa dhahabu, halitofautiani sana na kalenda ya tano.

Watu wa Pwani wanalijua jambo hili vizuri kupitia begi la bi harusi. Linapofunguliwa mbele ya shangazi, mama wadogo na majirani, doti za kanga, viatu, manukato na udi hutolewa kimoja baada ya kingine, na kila mtu anaona kuwa aliyelipanga alimfikiria bi harusi huyo na wala si mwanamke yeyote tu. Boksi la biashara linahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo, kwa sababu nalo hufunguliwa mbele ya watu, yaani wafanyakazi wenzake mpokeaji ofisini au familia yake nyumbani, na maneno yatakayosemwa pale ndiyo tangazo lenyewe.

Ndiyo maana ninamshauri mwenye biashara asianze kwa kuuliza boksi liwe na nini, bali aanze kwa kuuliza linakwenda kwa nani na mtu huyo anashinda akifanya kazi gani. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka wa aina hii kwa kawaida hufikiria kumpa zawadi mwenye nyumba inayojengwa, kwa kuwa ndiye anayetoa fedha. Lakini mwenye nyumba anajenga mara moja, pengine mara mbili maishani, ilhali fundi anajenga mwaka mzima na ndiye anayemwambia mwenye nyumba akanunue wapi saruji, nondo na rangi. Boksi linapaswa kwenda kwa fundi.

Ndani ya boksi la fundi mimi huweka futi ya chuma ya kupimia, ya mita 5, iliyo imara, penseli bapa za seremala, glovu, taulo dogo la jasho, na kadi ngumu yenye jedwali la kubadilisha futi na inchi kuwa sentimita na milimita, kwa sababu mbao zetu huuzwa kwa inchi, mbili kwa nne au mbili kwa sita, wakati ramani anazopewa huwa zimechorwa kwa milimita. Futi moja ni sentimita 30.48, na fundi anayekadiria kichwani kuwa ni 30 atapungukiwa karibu sentimita 10 katika kipimo cha futi 20. Kadi hiyo hukaa mfukoni au kwenye begi la vifaa kwa muda mrefu sana, kwa kuwa inamwokoa na hasara.

Kitu cha thamani zaidi katika boksi hilo, hata hivyo, ni daftari la makadirio. Ni daftari la kawaida lenye kurasa za nakala, lililochapwa safu za jina la kifaa, idadi, bei na jumla, na chini ya kila ukurasa pana jina la duka na namba ya simu kwa herufi ndogo. Fundi akiitwa kwenye kiwanja, huandika orodha ya vifaa vinavyohitajika, huchana ukurasa wa juu na kumkabidhi mwenye nyumba, na fundi mwenyewe hubaki na nakala. Mwenye nyumba huondoka na karatasi inayoonyesha anachotakiwa kununua na, chini yake, mahali pa kukinunua. Fundi naye anaonekana mtu makini mbele ya mteja wake, jambo ambalo mafundi wengi wazuri hulikosa kwa sababu tu huandikia orodha zao nyuma ya maboksi ya sigara. Zawadi iliyomsaidia mtu kuheshimika kazini kwake haisahauliki.

Si kila biashara ina mteja wa aina hiyo, na nyingine hupata wazo lake kutokana na mahali. Kampuni ya kusafirisha mizigo katika barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inaweza kuandaa boksi linaloifuata barabara yenyewe: kikapu kidogo cha milulu kilichosukwa na akina mama wa Iringa kikiwa ndicho chombo, chai ya Mufindi, mchele wa Mbarali na kahawa ya Mbozi, pamoja na kadi yenye mchoro wa barabara unaoonyesha kila kitu kimetoka wapi. Hapo hakuna haja ya kuandika kwamba kampuni inaifahamu njia, kwa kuwa boksi limekwisha kusema. Hoteli ya Unguja nayo inaweza kumuaga mgeni kwa mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga pamoja na maelezo mafupi ya kupika pilau. Ninasisitiza tu kwamba vitu vizuri vya nchi hii ni vingi, na kishawishi cha kuchanganya korosho za Mtwara, asali ya Tabora na kakao ya Kyela katika boksi moja ni kikubwa. Matokeo yake huwa ni kapu la sikukuu, ambalo mtu hulifurahia na kulila bila kukumbuka lilitoka kwa nani.

Chakula kina masharti yake. Kwa Tanzania Bara hakikisha kila kilichofungashwa kina alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), jina la mzalishaji na tarehe ya mwisho wa matumizi inayosomeka, kwa sababu mpokeaji akiumwa tumbo atalikumbuka jina lako na wala si la aliyetengeneza asali. Wazalishaji wadogo wanaopitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanapatikana katika kila mkoa, na wengi wao wana bidhaa nzuri kuliko zile za rafu za supamaketi. Chokoleti ninaikwepa kabisa kwa maboksi ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, kwani siagi ya kakao huyeyuka katika joto linalokaribia nyuzi 34, na boksi lililokaa mchana kutwa ndani ya gari au kwenye begi la bodaboda hulifikia joto hilo bila shida. Korosho zilizokaangwa, kashata na tende huvumilia safari. Peremende laini zenye jelatini zichunguze kwanza, maana jelatini nyingine hutokana na nguruwe, na pombe usiiweke kamwe katika boksi linalotumwa kwa watu wengi ambao hujui imani zao.

Kanga inastahili aya yake peke yake, kwa kuwa ni zawadi na kifungashio kwa wakati mmoja. Boksi lililofungwa kwa kanga huhitaji karatasi kidogo sana ya kufungia, na kanga yenyewe hubaki nyumbani kwa miaka. Kuchapisha kanga ya kampuni hulipa pale tu unapohitaji nyingi, kwa hiyo biashara ndogo ni afadhali inunue doti zilizopo Kariakoo na kuchagua jina, yaani maandishi ya kanga, linaloendana na shukrani, mfano «Wema hauozi». Ninachoomba ni kwamba usome jina la kila kanga kabla ya kuifunga, na usimwachie kijana wa stoo kazi hiyo. Majina mengi ya kanga ni vijembe vya wake wenza na majirani, na mteja akiipeleka nyumbani kanga yenye kijembe atalazimika kujieleza kwa mkewe. Ukichapisha yako, nembo ikae kwenye pindo, ndogo, na mji wa kanga, yaani sehemu ya kati, uachiwe ua zuri, la sivyo itaishia kuwa ya kubebea kuni.

Hili la nembo linahusu kila kitu kilichomo. Wenye biashara wengi hutaka nembo ionekane juu ya kifuniko, ubavuni, kwenye futi, kwenye taulo na kwenye kadi, wakiamini kwamba kwa kuwa wamelipia basi kila upande ni nafasi ya tangazo. Mimi hupendekeza ionekane sehemu mbili: kwenye mkanda wa karatasi unaozunguka boksi, na kwenye kile kitu kimoja kitakachotumika kila siku. Boksi lenyewe liwe lisilo na maandishi, gumu na zuri, ili mpokeaji alitumie kuhifadhia risiti, nyuzi au vyeti vya watoto. Mkanda wa karatasi una faida nyingine ya kifedha, kwa sababu unaweza kuagiza maboksi yasiyo na maandishi kwa wingi, kisha ukabadilisha mikanda kulingana na msimu, badala ya kubaki na rundo la maboksi yaliyoandikwa «Heri ya Mwaka Mpya» wakati Mei imefika. Mifuko ya plastiki ya kubebea usiifikirie: Tanzania Bara iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017.

Kuhusu msimu, Desemba ndio wakati mbaya kuliko wote, ingawa ndio kila mtu anaouchagua. Boksi lako hufika mezani pamoja na mengine, wachapaji wamelemewa na kazi, na nusu ya wapokeaji wamekwenda mikoani. Wiki ya huduma kwa wateja, ambayo huadhimishwa wiki ya kwanza ya Oktoba, ni nzuri zaidi, na hata Januari ni nzuri, kwa kuwa ni mwezi mgumu wa ada za shule na hakuna anayetarajia kupewa chochote. Boksi la Januari lenye madaftari, kalamu za rangi na mkebe wa hesabu kwa ajili ya mtoto wa mteja hupokelewa kwa namna ambayo kapu la Krismasi halipokelewi. Kwa Ramadhani, kumbuka kwamba huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, kwa hiyo mpango wa mwaka jana haufai kunakiliwa, na boksi la tende na vikombe vya kahawa lifike kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu likifika kumi la mwisho watu wamekwisha kununua kila kitu.

Bajeti ipangwe kutokana na faida ambayo mteja anakuachia. Kama mteja anakupa faida ya shilingi 400,000 kwa mwaka, boksi la shilingi 30,000 linaeleweka. Kama anakupa 40,000, mpelekee kadi nzuri yenye maneno ya mkono na kitu kimoja kidogo. Katika bajeti hiyo vilivyomo vigharimu zaidi ya kifungashio, na kila unachonunua kiwe na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ili mhasibu wako aweze kukiingiza kwenye matumizi ya biashara. Ili ujue kama fedha imerudi, tumia namba ya simu ambayo haijaandikwa mahali pengine popote isipokuwa kwenye boksi, kisha andika kwenye daftari kila anayepiga kupitia namba hiyo na alichonunua. Njia hii ni ya kizamani lakini inasema ukweli.

Wapo watu ambao hawafai kupelekewa boksi, hata uwe na nia njema kiasi gani. Ofisa anayeshughulikia zabuni yako, kibali chako au ukaguzi wako asipewe kitu. Viongozi wa umma Tanzania wanabanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mtoaji kama inavyomgusa mpokeaji. Kampuni binafsi nyingi, hasa benki na mashirika ya kimataifa, nazo zina kanuni za zawadi kwa wafanyakazi wao, kwa hiyo piga simu ofisi ya rasilimali watu uulize kabla. Unapotuma, tuma ofisini, mchana, pamoja na barua yenye jina la kampuni, na kamwe usipeleke nyumbani usiku.

Jambo la mwisho ni ufikishaji, ambalo wengi huliacha kwa dereva. Orodha ya majina ihakikiwe na mtu anayewafahamu wateja, kwa sababu Bi. Mwanaisha akiandikiwa Bw. Mwanaisha, kila kilichomo ndani kimeharibika. Mpelekaji avae nadhifu, ajue kusalimia mapokezi, ataje jina la mpokeaji na la biashara yako, na achukue saini. Weka maboksi mawili ya ziada kwenye gari kwa ajili ya dada wa mapokezi na mlinzi wa getini pale unapojua kwamba wao ndio wanaokupokea kila unapokwenda kudai malipo au kuleta mzigo. Baada ya wiki moja mpigie mteja simu, muulize kama boksi lilimfikia, na siku hiyo usimuuzie kitu chochote.