Kwa Nini Huduma za Intaneti Huzorota?

Swali: Mhariri, kwa nini huduma za intaneti huzorota kampuni moja inapotawala soko?

Jibu: Ndugu msomaji, kampuni isiyo na mshindani wa kweli haina hofu ya kukimbiwa na wateja. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ilidumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria, hasa kwa kuwalipa watengenezaji wa simu na vivinjari, malipo yaliyozidi dola bilioni 26 mwaka 2021, ili iwe chaguo la awali, yaani mtambo wa utafutaji unaotumika wenyewe mtumiaji asipochagua mwingine, kwenye vifaa na programu zao. Linalonisikitisha zaidi ni utafiti ambao kampuni yenyewe iliufanya mwaka 2020, ulioonyesha kwamba hata kama ingeshusha sana ubora wa utafutaji, mapato yake yasingepungua. Mahakama iliona pia kwamba Google ilipandisha bei za matangazo ya maandishi yanayotokea pamoja na majibu ya utafutaji bila kubanwa na washindani, na gharama hizo, kwa maoni yangu, humwangukia mnunuzi wa kawaida. Mtumiaji naye hubaki na shaka kama jibu la kwanza limewekwa juu kwa ubora wake au kwa fedha za mtangazaji. Kwa sasa, unaweza kubadili mtambo wa utafutaji katika mipangilio ya kivinjari chako.