Ngojangoja huumiza matumbo: majibu kwa wenye bendi

Nilipogusia operesheni za kupunguza uzito katika safu hii, nilitarajia kuulizwa juu ya bei na makovu. Barua zilizokuja zina kilio kingine. Watu wameshafungwa bendi, ile pete inayobana sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe kwa kidogo, wamelipa, kidonda kimepona, na sasa hawampati wa kuwarekebishia, yaani kuikaza au kuilegeza. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Mombasa kwa miaka mingi na kilio hicho nakijua. Nimechagua barua chache na kuzifupisha. Majina nimeyaacha.

Nilifungwa bendi mwezi wa tano nikaambiwa nirudi baada ya wiki sita kuongezwa maji. Nikipiga simu, mara daktari yuko Nairobi, mara mashine ya eksirei imeharibika, mara nitapigiwa. Sasa ni mwezi wa tisa. Nilipungua kilo tisa, nne zimesharudi, na sahani nzima ya wali naimaliza bila taabu. Nyumbani wananicheka kwamba pesa nimezitupa baharini. Operesheni imeshindwa? (Bamburi)

Haijashindwa, dadangu, imeachwa katikati. Bendi hufungwa ikiwa tupu au ina maji kidogo tu, kwa makusudi, maana wiki za kwanza mfuko wa chakula bado umevimba. Pete yenyewe ni ya silikoni, na upande wake wa ndani hufura kama tyubu ya baiskeli, ila badala ya upepo hutiwa maji ya chumvi, yale yale ya dripu. Kuna mrija mwembamba unaotoka kwenye pete hadi kwenye poti, kidude cha kupokelea sindano kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo. Maji yakiongezwa pete inabana, chakula kinapita polepole, nawe unashiba kwa kidogo. Bila maji, umevaa pete isiyobana kitu. Kilo tisa za mwanzo zilitoka kwa ajili ya zile wiki za supu na uji mwepesi. Ulipoanza kula chakula cha kawaida, hapakuwa na cha kukuzuia.

Kwa kawaida maji ya kwanza huongezwa kati ya wiki ya nne na ya sita, kisha kidogo kidogo, mpaka ufike mahali unapokula kiasi cha kikombe na ukakaa saa kadhaa bila njaa. Mwaka wa kwanza ndio wenye safari nyingi za kliniki.

Na kazi yenyewe haina makuu. Unalala chali, unaambiwa uinue kichwa kidogo ili misuli ya tumbo ikaze, na daktari anapapasa kwa vidole viwili mpaka aihisi poti, ngumu, ukubwa wa sarafu. Ngozi inapakwa dawa. Sindano inaingia wima. Maji kidogo yanavutwa kwanza ili ajue yumo ndani, ndipo anapoingiza yale aliyokusudia, mara nyingi mililita moja au mbili, baadaye hata nusu. Kisha unakaa kitako, unapewa bilauri ya maji, unakunywa mbele yake. Yakipita, unakwenda zako. Eksirei husaidia poti isipopatikana kwa vidole, au pakiwa na shaka juu ya bendi. Wengi hurekebishwa bila picha yoyote, kwa hiyo mashine mbovu si sababu ya kukuweka mpaka mwezi wa tisa.

Simu sasa basi. Nenda mwenyewe asubuhi na barua, nakala mbili: tarehe ya operesheni, tarehe uliyoambiwa urudi, uzito wako wa wakati ule na wa leo. Dai siku maalumu, na uulize nani anashika nafasi ya daktari akiwa safarini. Nakala moja igongwe muhuri ubaki nayo. Mapokezi wanaweza kumzungusha mtu wa simu mwaka mzima, lakini karatasi iliyogongwa muhuri humfikia mkubwa wao. Ukinyamaziwa, Baraza la Madaktari, KMPDC, hupokea malalamiko ya wagonjwa.

Kwa sasa tumia sahani ndogo, anza na samaki, yai au maharagwe kabla ya wali, na usinywe huku unakula. Jihadhari na vitamu laini. Halua, aiskrimu, juisi ya embe na chai ya maziwa iliyojaa sukari hupita kwenye bendi iliyokazwa vizuri kabisa, sembuse yako.

Nami niseme la moyoni. Daktari anayeshuka na ndege Ijumaa, akafunga bendi Jumamosi na kurudi Jumapili bila kuacha mtu wa kurekebisha Mombasa, asifunge bendi Mombasa. Hiyo ni nusu ya kazi kwa bei nzima.

Niliongezwa maji Jumatatu. Tangu Jumatano hata maji hayapiti, yanarudi na mate. Usiku nalala nimekaa, nikijinyoosha nakohoa na koo lawaka moto. Kliniki imenipa miadi ya wiki ijayo. Nivumilie? (Likoni)

Usivumilie, kakangu. Nimekujibu kwa simu siku ile ile, na narudia hapa kwa ajili ya wengine: vuka feri leo. Ama bendi imebana kupita kiasi, ama imeteleza na sehemu ya mfuko wa chakula imepanda juu yake. Ikiteleza inaweza kukata damu isifike kwenye mfuko huo. Maumivu makali ya tumbo, homa, moyo kwenda mbio au kutapika damu, hapo hata saa moja ni nyingi.

Nenda idara ya dharura ya hospitali yenye daktari wa upasuaji, kama vile hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, na useme mlangoni kabisa: "Nina bendi tumboni, siwezi kumeza maji, naomba itolewe maji." Usianze hadithi ya kiungulia, utapewa dawa ya tindikali urudishwe nyumbani. Sindano ya bendi ni ya aina yake, ncha yake imetengenezwa isitoboe tundu kwenye mpira wa poti. Isipokuwepo, daktari anaweza kutoa maji kwa sindano nyembamba ya kawaida, kwani poti hubadilishwa na mtu habadilishwi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mambo mawili ya kumkumbusha daktari. Ukiwa umetapika kwa siku nyingi, mwili huishiwa vitamini B1, na dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya vitamini hiyo ubongo unaweza kudhurika. Kuyumba, kuona vitu viwili viwili na kuchanganyikiwa ni dalili zake. La pili, kama unatumia dawa za sukari, sema, maana kuzimeza bila kula kunaweza kukuangusha.

Maji yakishatolewa, ikiwa tatizo lilikuwa kubana tu, nafuu huja pale pale. Nimewaona watu wakiinuka kitandani wakiulizia chai. Na nyinyi wa mapokezi mnaonisoma, mwenye bendi akipiga simu swali la kwanza liwe hili: maji yanapita? Akisema hayapiti, msifungue daftari la miadi.

Mke wangu alifungiwa bendi India. Tulipanga kurudi kila miezi mitatu, nauli imetushinda. Hapa hospitali mbili zimekataa, zasema hazigusi kazi ya daktari mwingine. Ni haki hiyo? (Changamwe)

Inaudhi, lakini woga wao nauelewa. Kuna bendi zinazobeba mililita nne tu na kuna zinazofika kumi na nne. Daktari asiyejua ni ipi, wala ndani mna maji kiasi gani, akiongeza mbili anaweza kumfunga mkeo koo usiku huo huo, na lawama ikawa yake. Kwa hiyo mwondolee giza. Iandikieni hospitali ya India barua pepe muombe ripoti ya operesheni, jina na ukubwa wa bendi, na kumbukumbu ya kila maji yaliyoongezwa au kutolewa, na tarehe zake. Waliofungiwa Kenya wajue kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake, basi msikubali kuambiwa faili ni mali ya hospitali.

Makaratasi yakiwa tayari, tafuteni daktari wa upasuaji anayefanya operesheni za uzito, si wa upasuaji wa jumla. Wengi wako Nairobi. Ulizeni kwa simu kwanza, tumeni makaratasi, mkikubaliwa ndipo mkate tiketi ya SGR. Huenda akataka picha ya kumeza dawa nyeupe ya bariamu kuona bendi imekaaje. Mkubalieni, hata kama ni gharama nyingine. Bendi isiyoangaliwa muda mrefu inaweza kuwa imeteleza, au imeanza kuchimba ukuta wa mfuko wa chakula, na hiyo haikazwi, inatolewa.

Rafiki yangu ni muuguzi na sindano anazo. Aniongezee maji nyumbani, nimechoka kungoja? (Nyali)

Hapana. Mwenzangu huyo anaweza kutoboa mrija, au kuingiza vijidudu kwenye kitu kigeni kilichofika hadi tumboni, na usaha wa hapo mara nyingi humalizikia kwa poti kutolewa. Nimesema juu kwamba sindano ya kawaida hutumika katika dharura hospitalini. Kukaza bendi sebuleni si dharura.

Ramadhani iliyopita nilikwama futari ya kwanza kwa sambusa ya nyama na mkate wa mofa, nikatapika mpaka tarawehe ikanipita. Mwaka huu nimeomba nilegezwe mapema, kliniki yasema nafasi ni baada ya Idi. (Kibokoni)

Baada ya Idi ya nini tena! Mwezi unajulikana unaingia lini, kwa hiyo miadi ya namna hii iombwe tangu Rajabu, na kliniki ya Mombasa isiyojua hivyo ijifunze. Waambie hutaki kukazwa, wataka kutolewa maji kidogo, na ueleze kwamba ulitapika. Kutapika humsogeza mtu mbele kwenye foleni, kunung'unika hakumsogezi. Wala usikubali kuongezwa maji siku za mwisho za Shaabani. Ukiongezwa, siku moja mbili ni za vinywaji tu, na bendi inataka siku za kuitazama kabla hujaanza kushinda bila maji.

Futari, anza kwa maji funda mojamoja na tende moja uliyoitafuna mpaka ikawa uji. Ngoja. Kisha supu, au uji. Chakula kiwe baada ya tarawehe, kidogo: samaki wa kupaka aliyechambuliwa, mbaazi, yai, viazi vya nazi vilivyolainika. Mofa, mahamri, mishkaki na wali mkavu ndivyo vinavyokwama zaidi. Shida kubwa ya mwenye bendi si chakula, ni maji: hawezi kugugumia lita nzima wakati wa daku. Weka chupa karibu unywe kidogo kidogo kutoka magharibi mpaka alfajiri, si pamoja na chakula. Ukiona mkojo umekuwa mweusi na kichwa kinazunguka, au maji hayapiti usiku, kesho yake usifunge. Mgonjwa ana ruhusa yake, na sheikh wako atakwambia hivyo hivyo.

Nina kilo 128. Daktari mmoja asema bendi, mwingine asema nikatwe sehemu ya mfuko wa chakula. Bendi naambiwa ni nafuu na yaweza kutolewa. Wewe ungechagua ipi? (Tudor)

Mimi si daktari wako, lakini umeuliza ningechagua nini. Bendi ilivuma sana baada ya Marekani kuiidhinisha mwaka 2001. Baadaye hospitali nyingi duniani ziliiacha, kwa sababu wagonjwa wengi walirudi kwenye meza ya upasuaji kurekebishwa au kutolewa bendi, na kilo zilizopungua zilikuwa chache kuliko za operesheni nyingine. Kukatwa huondoa kama robo tatu ya mfuko au zaidi kidogo. Hakuna kurudi nyuma, na vitamini na kliniki ni za maisha. Ila hakuna cha kukazwa wala kulegezwa.

Kwa mtu wa hapa asiye na daktari wa kudumu wa kumrekebisha, bendi nisingeichagua. Ukiamua kuichukua, kabla ya kulipa senti uliza nani atarekebisha, yuko Mombasa siku gani, akisafiri ni nani, na bei uliyotajiwa ina marekebisho mangapi ndani yake. Jibu liwe kwenye karatasi. Unafuu wa bendi huishia pale unapotozwa kila sindano, na kwa wengine nauli ya Nairobi juu yake. Akikujibu "usijali, tutaangalia," chukua mkoba wako.

Nina bendi na nimegundua nina mimba ya miezi miwili. Bendi niitoe? (Mikindani)

Hongera, mwanangu. Kwa kawaida haitolewi. Kama kichefuchefu kinakutapisha sana, au baadaye mtoto haongezeki vizuri, bendi hutolewa maji ili ule, kisha hukazwa tena baada ya kujifungua. Omba miadi sasa, usingoje kutapika kuanze. Meza vitamini zako na foliki asidi, na kliniki ya wajawazito waambie siku ya kwanza kwamba una bendi, iandikwe kwenye kitabu chako ukurasa wa mbele.