Maswali ya wasomaji: Rezidensi Marekani, chuja kwanza ulipe baadaye

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa madaktari wanaotaka kwenda kusomea ubingwa Marekani, mafunzo ambayo kule huitwa rezidensi. Kwa wasioijua njia hiyo: maombi hutumwa kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao ERAS, na upangaji hufanywa na shirika la NRMP kwa utaratibu unaoitwa Match. Aliyesoma nje ya Marekani lazima kwanza athibitishwe na ECFMG, shirika la kule linalokagua madaktari waliosoma nje: afaulu Step 1 na Step 2 CK, ambayo ni mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, afanye mtihani wa Kiingereza wa OET, na chuo chake kithibitishe shahada yake. Programu, yaani hospitali na vyuo vinavyotoa mafunzo hayo, huanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba, usaili huenda Oktoba hadi Januari, orodha za mapendeleo, za waombaji na za programu, hufungwa mapema Machi, na majibu hutoka katikati ya Machi. Kazi huanza karibu na tarehe 1 Julai.

SWALI: Habari za kazi. Nimemaliza intern Mombasa, Step 1 nimefaulu na Step 2 CK nimepata 241. Nataka magonjwa ya ndani. Wenzangu walioko kule wananiambia niombe programu 200, nitupe wavu mpana. Ni kweli ndivyo inavyotakiwa?

JIBU: Wavu huo una bei, daktari. Katika msimu wa 2025 ERAS ilitoza dola 11 kwa kila programu katika zile 30 za mwanzo, kisha dola 30 kwa kila moja inayozidi. Programu 30 ni dola 330. Programu 60 ni dola 1,230. Programu 200 ni dola 5,430, na hiyo ni fani moja tu. Ukiongeza tiba ya familia pembeni, hesabu inaanza upya.

Sehemu kubwa ya fedha hiyo huishia kwa programu ambazo hazitalifungua faili lako. Programu inayopokea maombi kwa maelfu huchuja kwa kompyuta kabla ya mtu yeyote kusoma: anahitaji visa au la, alihitimu mwaka gani, aliwahi kuanguka Step. Ukianguka kwenye mojawapo ya vichujio hivyo, barua zako nzuri hazisomwi na yeyote. Kwa hiyo chuja wewe kabla hawajakuchuja. Anza na FREIDA na Residency Explorer, tovuti zenye taarifa za programu, kisha fungua tovuti ya programu yenyewe. Angalia kama wanadhamini visa ya J-1 (ya mafunzo), kama wana kikomo cha miaka tangu kuhitimu (mara nyingi ni mitano), na kama wanadai uwe umefanya kazi ya kliniki Marekani. Halafu nenda kwenye ukurasa wa marezidenti wao wa sasa, wenye picha. Chini ya kila picha pameandikwa chuo alichosoma. Soma mmoja mmoja. Ukipita mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kuona hata chuo kimoja cha nje ya Marekani, ifute programu hiyo, hata kama tovuti inasema wanakaribisha wote. Ukiona Khartoum, Lahore, Addis Ababa au Nairobi, iweke kwenye orodha yako. Wengi wakichuja hivi hubaki na programu kati ya 50 na 90, na huo ndio wavu wa kulipia.

Ushindani ni mkubwa, tusifichane. Katika Match ya 2025, waombaji waliosoma nje na wasio raia wa Marekani waliopangiwa walikuwa asilimia 58.0, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya udaktari vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD walikuwa asilimia 93.5. Ndiyo maana ishara zako zina thamani kubwa. Ishara ni alama unayoituma kwa programu kuiambia kwamba unaitaka hasa. Katika msimu wa 2025 magonjwa ya ndani yalitoa ishara 15, yaani 3 za dhahabu, za programu unazozitaka zaidi, na 12 za fedha. Upasuaji wa mifupa ulitoa 30, na huko programu usiyoipa ishara ni kama hukuiomba. Usipeleke dhahabu kwenye hospitali maarufu ya Boston kwa sababu ya jina lake. Ipeleke mahali ambapo marezidenti wanafanana na wewe na una sababu ya kweli ya kuwapo, kwa mfano dada yako anaishi mji huo au uliwahi kukaa wodini kwao.

Neno moja kuhusu fomu ya ERAS. Una nafasi 10 za kueleza kazi ulizofanya, kila moja kwa herufi 750, na 3 kati ya hizo unazitaja kuwa zilizokugusa zaidi. Si lazima ujaze zote 10. Badala ya kuandika "nilitoa huduma bora kwa wagonjwa", andika wodi ina vitanda vingapi, usiku mlikuwa madaktari wangapi, na wewe ulikuwa unaamua nini bila kumwamsha mkubwa wako.

SWALI: Mkuu wangu wa idara hapa Kisumu amekubali kunipa barua ya mapendekezo, ila ameniambia niiandike mwenyewe yeye atie saini. Mzee ana kazi nyingi na sitaki kumkosea heshima. Nifanyeje?

JIBU: Usiiandike. Kwanza si haki, kwa sababu barua ile ni ushahidi wake juu yako. Pili, msomaji hutambua pale barua tatu na maelezo binafsi vyote vinapokuwa na mwandiko mmoja, na hapo hupoteza imani na faili zima.

Mrahisishie kazi. Mpelekee ukurasa mmoja, uliochapwa, wenye tarehe ulizofanya kazi chini yake, wagonjwa wawili mliowashughulikia pamoja anaoweza kuwakumbuka, jambo moja alilokurekebisha na ukabadilika, na fani unayoomba. Mwambie, "Mwalimu, hizi ni kumbukumbu tu, maneno ni yako." Akiwa na karatasi hiyo mezani, barua inachukua nusu saa.

Mweleze pia barua ya huko ikoje. Yetu ya kawaida husema mtu ni mwaminifu, ana nidhamu, na tunamtakia kila la heri. Kule barua ya namna hiyo husomwa kama onyo kwamba mwandishi hakuwa na la kusema. Inayosaidia husema: nimemsimamia miezi mitatu, kati ya intern niliowafundisha miaka hii yumo miongoni mwa wachache wa juu, na usiku fulani alifanya hivi. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali na iwe na saini. Wewe unatoa fomu ya maombi ya barua ndani ya ERAS, yenye namba yake, na unakubali kwamba hutaiona. Yeye ndiye anayeipakia. Kila programu hupokea barua zisizozidi 4. Muombe Juni, umkumbushe Julai, maana Septemba hospitali zetu zina mambo yake.

SWALI: Kwenye pasipoti nina majina matatu, kwenye cheti cha chuo mawili, na herufi zimepishana. Itanisumbua?

JIBU: Itakusumbua, na mapema. ECFMG hulinganisha jina la akaunti yako, pasipoti na cheti cha shahada. Mohamed na Muhammad kwao ni watu wawili mpaka uthibitishe vingine. Tengeneza hati ya kiapo na urekebishe kabla ya kuomba uthibitisho wa shahada, kwa sababu baada ya hapo karatasi zinakwenda kwa msajili wa chuo chako na kila kosa linaongeza wiki. Pita ofisini kwake mwenyewe umuulize nani hasa anajibu maombi ya ECFMG.

SWALI: Usaili wa Zoom nauogopa kwa sababu ya umeme na tofauti ya saa. Niko Arusha.

JIBU: Tuanze na saa, maana ndizo zinazowaangusha wengi. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatuzigusi. Kabla ya siku hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa 7, Chicago 8, Los Angeles 10. Baada yake ongeza moja kila mahali. Usaili wa 8:00 asubuhi ya New York, Oktoba kwetu ni saa tisa alasiri. Katikati ya Novemba ni saa kumi. Halafu kuna mtego wetu wenyewe. Simu inaonyesha 3:00 PM, jicho linaona tatu, mdomo unasema "saa tatu", na nyumbani unawaambia "leo saa tatu usiku nisisumbuliwe". Usaili ulikuwa saa tisa alasiri, na umeshapita. Andika 15:00 kwenye karatasi, ibandike ukutani, na kalenda ya simu iweke kwa saa za programu, iache simu ibadilishe yenyewe.

Mialiko nayo huja wakati wa kazi wa kule: saa tisa alasiri New York ni saa nne usiku kwetu. Nafasi nzuri hujaa haraka, kwa hiyo weka mlio maalumu wa barua pepe za Thalamus (mfumo wa kupangia usaili) na za ERAS, na uwe na ndugu mmoja unayemwamini anayejua siku ambazo huwezi. Usiweke usaili wa programu unayoipenda kuliko zote kuwa wa kwanza. Uweke wa tatu au wa nne, ulimi ukishalainika. Siku moja, usaili mmoja. Unaoufuta, ufute wiki mbili kabla na kwa barua ya adabu. Mkutano wa marezidenti wa usiku wa kuamkia usaili kwetu unaweza kuangukia saa tisa usiku. Muulize mratibu kama ni wa lazima. Kama si lazima, lala.

Umeme sasa. Oktoba hadi Desemba ni vuli, na mvua za kwanza hukata umeme. Laptopu ina betri, lakini ruta haina, na hapo ndipo Zoom inapokatika. Nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta. Siku tatu kabla, zima swichi kuu ya nyumba kwa saa nzima ukiwa kwenye Zoom na rafiki, uone kinachobaki. Simu iwe na bando la mtandao tofauti na ule wa nyumbani, na namba ya mratibu iwe imeandikwa kwenye karatasi. Taa iwe mbele yako, dirisha lisiwe mgongoni. Kama msikiti uko jirani, angalia adhana ya alasiri inaangukia wapi, ufunge madirisha. Ingia dakika 15 kabla.

SWALI: Nilihitimu 2019, na karibu miaka miwili nilikaa nyumbani Nakuru nikimuuguza mama. Wakiniuliza, nijibu nini?

JIBU: Pole sana, na sema ukweli kwa sentensi mbili. "Kuanzia Machi 2021 hadi Januari 2023 nilirudi nyumbani kumuuguza mama yangu. Februari 2023 nilirudi wodini na tangu hapo sijatoka." Kisha nyamaza. Anayeendelea kueleza husikika kama anayejitetea.

Muda wako utumie kuandaa visa vya wagonjwa, kama sita hivi, kila kimoja dakika mbili. Mfano: mgonjwa wa kisukari ameingia usiku na ketoasidosi (damu imejaa tindikali), maabara haiwezi kupima potasiamu. Ulianza maji ya chumvi, ukapiga ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kuangalia mawimbi ya T yanayoonyesha hali ya potasiamu, ukampigia mkuu wa zamu kabla ya kugusa insulini. Hapo wanaona unavyofikiri. Tumelelewa kwamba anayejitaja hana adabu, kwa hiyo tunasema "tulifanya", "tuliamua". Msaili hawezi kujua wewe ulikuwa nani kati ya hao. Sema timu ilifanya nini, halafu sema "mimi nilifanya hivi". Hiyo si majivuno. Jina la mgonjwa usilitaje.

SWALI: Mimi ni Mtanzania. Visa ipi niombe?

JIBU: Kwa kawaida ni J-1, inayodhaminiwa na ECFMG. Inahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako, na inakudai urudi nyumbani miaka 2 baada ya mafunzo, isipokuwa ukipata msamaha, kwa mfano kupitia mpango wa Conrad 30 kwa kufanya kazi miaka 3 katika eneo lenye uhaba wa madaktari. H-1B, visa ya kazi, inataka uwe umefaulu Step 3, inayofanyika Marekani pekee, na tangu Septemba 2025 maombi mapya ya walio nje ya nchi yamewekewa malipo ya dola 100,000. Kuna zito zaidi: amri iliyoanza 1 Januari 2026 ilisitisha visa za J kwa Watanzania wasiokuwa tayari na visa, kama ilivyokuwa kwa Warundi tangu Juni 2025. Soma tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa hata dola moja ya ERAS. Mitihani unaweza kuendelea nayo, ukikumbuka kwamba yote inayotakiwa na ECFMG ikamilike ndani ya miaka 7.

SWALI: Programu moja imeniandikia kwamba "wananitarajia". Ninayoipenda haijaniandikia kitu. Kwenye orodha nitangulize ipi?

JIBU: Unayoipenda. Kanuni ya Match, iliyorekebishwa na Alvin Roth na Elliott Peranson na kuanza kutumika 1998, huanzia upande wa mwombaji. Mfumo unajaribu kukuweka kwenye chaguo lako la kwanza. Likishindikana unashuka la pili, na pale la pili unashindana kwa nguvu ileile kama ungeliweka la kwanza. Kwa hiyo hupotezi lolote kwa kutanguliza ya moyoni. Barua tamu haiwafungi. Wanachofungwa nacho ni orodha yao. Nao hawaruhusiwi kukuuliza umeomba wapi kwingine. Kitu kimoja tu: usiiandike programu ambayo hungeenda, kwa sababu ukipangiwa umefungwa.

Jumatatu ya wiki ya Match, saa kumi na moja jioni kwetu, utajua kama umepata. Wapi hasa, ni Ijumaa saa moja usiku. Kama Jumatatu jibu ni hapana, SOAP inaanza siku hiyohiyo: maombi yasiyozidi 45 kwa nafasi zilizobaki, na ni marufuku wewe kuzitafuta programu kabla hazijakutafuta. Maelezo binafsi ya fani ya pili yawe tayari kwenye ERAS tangu Februari.