Bia Yangu ya Kwanza Imepasua Chupa: Nilikosea Wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana ninayeishi Chumbageni, mjini Tanga. Mwezi Februari nilijaribu kwa mara ya kwanza kutengeneza bia nyumbani, lita 20, kwa shira ya kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na pakiti ya hamira ya gramu 11, vitu ambavyo kaka yangu aliniletea kutoka Ujerumani. Nilichemsha kwa saa moja, nikafunika sufuria hadi maji yakawa vuguvugu, nikamimina ndooni, nikatia hamira na kufunga mfuniko wenye kizibo cha maji, kile kinachoruhusu gesi itoke bila hewa kuingia. Usiku huohuo povu lilipanda likamwagika sakafuni. Siku ya tatu mapovu yakakoma, na siku ya tano nikajaza chupa, kila chupa ya nusu lita nikiitia kijiko kimoja cha chai cha sukari, kimejaa. Baada ya siku 9 chupa mbili zilipasuka kabatini. Nyingine niliyoifungua ilirusha povu hadi darini, na kilichobaki ndani yake kinanuka ndizi mbivu na kuunguza koo kama spiriti. Nilikosea wapi, na chupa zilizobaki nizifanyeje?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na chupa zilizobaki, kwa sababu hizo haziwezi kusubiri maelezo. Usizishike kwa mikono mitupu na usiruhusu mtoto yeyote kuingia chumba hicho. Subiri alfajiri, wakati joto limeshuka, uvae koti zito, glavu na miwani ya kukinga macho, kisha ufunike chupa kwa gunia lililolowa kabla ya kuzigusa. Zihamishie kwenye friji au kwenye beseni kubwa la barafu na uziache huko siku nzima. Ubaridi huifanya gesi izame ndani ya bia badala ya kusukuma kioo, nayo hamira husinzia. Baada ya hapo uviringishie kila chupa taulo, uinue kisoda kidogo tu hadi usikie gesi ikitoka, na uendelee hivyo kidogo kidogo. Bia hiyo usihangaike kuiokoa. Imwage.

Sasa tuje kwenye sababu. Hesabu ya gesi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: kila gramu moja ya sukari inayoliwa na hamira hutoa karibu nusu gramu ya kabonidioksidi, na iliyobaki karibu yote huwa alkoholi. Bia ya kawaida ya chupa ina takriban gramu 5 za gesi hiyo kwa kila lita, na katika joto la kwetu, gramu moja na zaidi kidogo huwa imeshabaki ndani ya bia tangu ilipokuwa ndooni. Kwa hiyo unachohitaji kuongeza ni sukari ya gramu 7 hivi kwa lita, yaani gramu 140 kwa lita zako 20. Kijiko cha chai kilichojaa hubeba gramu 5 hadi 6, na wewe ulikitia kwenye nusu lita, ikawa gramu 10 hadi 12 kwa lita. Kosa hilo peke yake lingekupa bia yenye povu la kukasirisha. Kilichopasua kioo ni kwamba ulipojaza chupa, bia yenyewe ilikuwa bado na sukari yake ya kimea ambayo hamira haijaimaliza, na sukari hiyo ikajumlika na ya kijiko.

Najua utasema kwamba mapovu yalikuwa yamekoma. Hapa ndipo wanaoanza wengi hudanganyika, na siwalaumu, maana ndicho kitu pekee wanachokiona. Mapovu ya kizibo cha maji yanakuonyesha gesi inapitia wapi kutoka. Hayakuonyeshi sukari imebaki kiasi gani. Mfuniko wa ndoo ukiwa na mwanya mdogo kama unyweleo, gesi hupita hapo na kizibo hunyamaza huku kazi ikiendelea. Zaidi ya hayo, hamira hula kwanza sukari nyepesi kwa pupa, ndilo lile povu la usiku wa kwanza, kisha hubaki na sukari ngumu zaidi ambazo huzimaliza polepole kwa siku kadhaa. Mgema yeyote wa Tanga atakwambia kwamba dumu la tembo halifungwi likakazwa, kwa kuwa anajua tembo bado linafanya kazi hata likionekana limetulia.

Dawa yake ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, uzito ambao hushuka kadiri sukari inavyoliwa. Shira ya kimea iliyochanganywa kwa kipimo cha kawaida huanza karibu 1.048 na kuishia karibu 1.012. Ukisoma 1.012 leo, ukasoma 1.012 tena baada ya siku tatu, hapo ndipo ujaze chupa, na si kabla. Angalia pia kwamba vijiti vingi vimepimwa kwa nyuzi joto 20, hivyo ukipima bia yenye nyuzi 30 utasoma pungufu kwa pointi 2 au 3, yaani 1.012 halisi itaonekana kama 1.009 au 1.010. Kwa batchi ya kwanza ningekushauri uiache ndooni wiki mbili kamili, uwe na haidromita au usiwe nayo.

Harufu ya ndizi na ule ukali wa spiriti ni jambo jingine, na hili kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa zaidi, ingawa halikuvunja kitu. Hamira nyingi za bia zinazouzwa Ulaya hupenda nyuzi 18 hadi 22. Maelekezo ya pakiti yakisema "weka mahali penye joto la chumba", yanazungumzia chumba cha Ujerumani. Chumbageni mwezi Februari mchana hufika nyuzi 32 hivi, na hamira ikiwa kazini hutoa joto lake yenyewe, kiasi kwamba ndani ya ndoo huweza kuwa na nyuzi 3 hadi 5 zaidi ya hewa ya nje. Katika joto la nyuzi 35 hamira hukimbia, na katika kukimbia huko hutoa kwa wingi isoamili asetati, ambayo ndiyo harufu yako ya ndizi, pamoja na alkoholi nzito zinazounguza koo. Kuihifadhi bia ya namna hiyo miezi mingi hakutaondoa alkoholi hizo.

Hapa kwetu pwani kuna mtego mwingine. Vitabu hushauri kuviringishia ndoo kitambaa kilicholowa na kuipulizia feni. Njia hiyo hufaa sana Dodoma, kwenye hewa kavu. Tanga hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi juu ya kitambaa, na utapunguza nyuzi chache tu. Weka ndoo ndani ya beseni pana lenye maji, na ubadilishe ndani ya beseni hilo chupa za plastiki zenye maji yaliyogandishwa, asubuhi na jioni, kwa siku nne za mwanzo. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, usikisie kwa kiganja.

Kupoza maji ya kimea baada ya kuchemsha kunahitaji mpango pia, kwa sababu maji ya bomba yenyewe hapa ni ya uvuguvugu na hayatakufikisha chini ya nyuzi 30. Ninavyofanya mimi ni hivi: nachemsha shira na hopsi katika lita 12 tu, na usiku uliotangulia nakuwa nimechemsha lita 8 za maji na kuzilaza kwenye friji ndani ya vyombo safi vyenye vifuniko. Sufuria naipoza kwenye beseni la maji na barafu ile wanayonunua wavuvi, hadi nyuzi 32, kisha namimina yale maji ya friji yenye nyuzi 5. Mchanganyiko hutulia kwenye nyuzi 21 hivi. Barafu ya wavuvi isiguse kamwe maji ya kimea, kwa kuwa haikuchemshwa.

Povu lililomwagika si kosa la kujilaumu. Tumia ndoo ya lita 30 kwa bia ya lita 20, au kwa siku mbili za kwanza uondoe kizibo cha maji na uweke bomba pana la mpira linaloishia kwenye chupa ya maji. Ukisafisha ndoo kwa dawa ya klorini, isuuze kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe kabisa, la sivyo bia itanuka hospitali. Na chupa ziwe za kahawia, mbali na jua, maana mwanga huharibu hopsi kwa muda mfupi wa kushangaza.

Ikiwa unataka kurudia kabla ya kipupwe cha Juni hadi Agosti, mwombe kaka yako akutafutie hamira iitwayo kveik, ambayo familia za wakulima wa magharibi mwa Norwei wameitunza kwa vizazi. Hiyo hufanya kazi vizuri katika nyuzi 30 hadi 40 bila kuleta ule ukali wa spiriti. Sukari ya chupa ipime kwa mizani, gramu 140, uichemshe katika maji kidogo na uichanganye na bia yote taratibu kabla ya kujaza, badala ya kugawa kwa kijiko. Kati ya chupa zako jaza moja ya plastiki ya soda, safi, na uiweke pamoja na nyingine. Iminye kila siku. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, gesi imetosha, na zote ziende kwenye friji siku hiyohiyo.