Ekari tano: Witu au Magarini?

Kaka, umeuliza uchukue ekari tano Witu, kaunti ya Lamu, au Magarini, kaunti ya Kilifi, uhamie na familia, ulime na kufuga. Mie niko upande wa Witu, kwa hiyo maneno yangu yapunguzie kidogo kwa upendeleo.

Anza na maji, bei baadaye. Magarini, ukikaribia Gongoni na Marereni, kuna mashamba ya chumvi, na kisima chaweza kukutolea maji ya kuoshea vyombo tu. Onja kisima cha jirani, tena mwezi wa pili kiangazi kimekaza. Mwezi wa tano wakati wa masika kila shamba ni zuri.

Huku Witu udongo unakubali: korosho, mihogo, simsim, minazi. Shida ni wanyama. Msimu wangu wa kwanza nyani walimaliza mahindi yote, korosho hawakuzigusa. Nyati na ndovu nao hupita. Ng'ombe wa kisasa usilete kabla hujauliza habari za mbung'o, wale nzi wanaoambukiza mifugo ugonjwa.

Usalama usiudharau. Lamu ilipata mashambulizi Mpeketoni Juni 2014, na vijiji vya karibu na msitu wa Boni bado watu huvifikiria mara mbili.

Kuhusu hati ya umiliki, barua ya mzee wa mtaa si hati. Fanya upekuzi (search) wa hati ofisi ya ardhi, na kibali cha mauzo cha bodi ya ardhi (Land Control Board) kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mkewe muuzaji pia atie sahihi.

Ukija, lala siku tatu kijijini kwanza, usiende na dalali peke yake.