Mnaoanza astronomia, msitafute kinachoisukuma Dunia

Karibu kila mwanafunzi mpya huniuliza: ni kani gani inayoizungusha Dunia kwenye mhimili wake? Wengine hujijibu haraka, "Uvutano wa Jua." Ukianzia hapo utahangaika muhula mzima. Kani inahitajika kubadili mwendo, si kuuendeleza. Jiulize hivi: Dunia ilipata wapi mzunguko wake, na nini kingeusimamisha?

Pia ya mtoto huyumba ikaanguka kwa sababu ncha yake inasuguana na ardhi na hewa inaikwaza. Dunia haijaegemea chochote, na huko inakopita ni karibu patupu.

Chanzo cha mzunguko wa Dunia ni wingu la gesi na vumbi lililoanza kujikusanya kwa uvutano wake lenyewe, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Chembe zake zilikwenda huku na huku, lakini miendo yao haikufutana yote, ukabaki mzunguko wa polepole mno. Wingu liliposinyaa, momenta ya mzunguko, yaani kiasi cha mwendo wa kuzunguka, ilibaki ileile, hivyo kasi ikapanda. Tafadhali usiisome sentensi hiyo ukapita. Shika kalamu. Kwa tufe, momenta hiyo inategemea tungamo, mraba wa nusu kipenyo, na kasi ya kuzunguka. Punguza nusu kipenyo mara 10, tungamo usiliguse: kasi lazima ipande mara 100. Mzunguko uliochukua miaka 100 sasa unakamilika kwa mwaka 1. Ukiipiga hesabu hii kwa mkono wako, sehemu kubwa ya somo imeshakufungukia. Katikati pakawa Jua, masalia yakatandazika kama sahani, na humo sayari zikajijenga zikiwa na mzunguko tayari.

Ila kwenye mtihani usiandike "sayari zote huzunguka upande mmoja." Zuhura hujizungusha kinyume, na mzunguko mmoja huichukua siku 243 za Dunia. Uranus imelala ubavu, mhimili wake umeinama nyuzi 98 hivi, na wengi wanaona iligongwa vibaya ikiwa changa.

Breki nazo zipo, na mliokulia pwani mmeziona zikifanya kazi kila bamvua. Mwezi huinua maji ya bahari, Dunia inajizungusha upesi kuliko Mwezi unavyoizunguka, na msuguano wa maji hayo unaipunguza kasi. Siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2 kila karne. Napenda sana sehemu hii, maana momenta haipotei: inahamia kwa Mwezi, nao unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kwa mwaka. Umbali huo hupimwa kwa leza inayorushwa kwenye vioo ambavyo wanaanga wa Apollo walianza kuviweka huko mwaka 1969.

Kabla ya kugusa darubini, fanya zoezi moja. Simama palepale usiku, chagua nyota inayopotea nyuma ya ukingo wa paa, uandike saa. Kesho yake itapotea dakika 4 hivi mapema zaidi. Saa 24 tunazipima kwa Jua, na kwa siku moja Dunia huwa imesogea karibu nyuzi 1 kwenye njia yake, kwa hiyo hulazimika kujizungusha zaidi kidogo ili Jua lirudi mahali pake. Kwa nyota, mzunguko kamili ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4.