Jiko la Wasomaji: Kuchoma Nyamapori Bila Kuikausha

SWALI: Shikamoo Mama. Nilinunua kilo mbili za paja la swala katika bucha la nyamapori hapa Dodoma. Kwa kuwa niliogopa harufu ya pori, niliilaza usiku kucha katika siki na maji ya ndimu, kisha nikaichoma uani juu ya moto wa kuni. Ilitoka nyeusi nje na kavu ndani, ngumu kama soli ya kiatu. Je, ningeilaza siku mbili ingelainika?
Msomaji wa Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ingeharibika zaidi. Swala hukimbia maisha yake yote na hanenepeshwi zizini, hivyo nyama yake haina yale mafuta yaliyotawanyika ndani ambayo huiokoa nyama ya ng'ombe au mbuzi inapokaa motoni muda mrefu. Ndimu na siki haziingii ndani zaidi ya milimita chache. Zinachofanya ni kuivisha nyama kwa juu, kuikaza na kuikamua maji yake, na ukiipeleka motoni ikiwa katika hali hiyo haina tena cha kuilinda.

Kinachoingia ndani ni chumvi. Kwa kilo moja ya nyama tumia gramu 10 hadi 12, yaani takribani vijiko viwili vya chai visivyojaa, uipake usiku wa kuamkia siku ya kuchoma na kuihifadhi kwenye friji. Kabla ya hapo ondoa ule utando mweupe unaong'aa juu ya msuli, kwa sababu hausagiki mdomoni na motoni hujikunja ukaivuta nyama nzima: penyeza ncha ya kisu chini yake, elekeza makali juu kidogo kuuelekea utando wenyewe, halafu uvute kwa mkono wa pili huku kisu kikiteleza. Kazi hii inahitaji subira, nami naihesabu kuwa muhimu kuliko viungo vyote.

Muda wa saa nne kabla ya kuchoma, changanya nusu kikombe cha mtindi, vijiko vinne vya mafuta ya kupikia, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na bizari nyembamba, uipake nyama pande zote katika bakuli la kioo au la plastiki. Mtindi una ukali mpole usioikaza nyama haraka. Papai bichi wanalotumia wachoma mishkaki wa pwani linafaa kwa paja na bega, lakini kijiko kimoja cha chakula kwa kilo kinatosha, tena kwa saa moja tu, kwani likizidi nyama huwa rojo kwa juu. Sarara haihitaji papai kabisa. Ndimu ikamulie mezani.

Kuhusu moto, usichome juu ya ndimi zake. Acha kuni ngumu zilizokauka, mathalani za mkwaju, ziungue hadi zibaki makaa yaliyofunikwa na jivu la kijivu, kisha yasogeze upande mmoja. Pangusa viungo vilivyozidi, babua vipande vinene vya sentimita nne juu ya makaa, halafu vihamishie upande usio na makaa viive taratibu, ukivipaka mafuta au samli. Nyamapori huweza kuwa na vimelea, kwa hiyo ninashauri katikati ifike nyuzi joto 71 za Selsiasi na iondolewe hapo hapo. Kipimajoto cha nyama kitakusaidia kuliko kukisia kwa macho. Iache itulie dakika kumi, kisha ikate kwa kukingama nyuzi zake.

Umefanya vema kununua nyama katika bucha lenye leseni, utaratibu uliowekewa kanuni nchini mwetu mwaka 2020, tunza risiti. Mnyama aliyeokotwa amekufa porini asiliwe kamwe, kwani huenda ameuawa na kimeta, ugonjwa ambao vijidudu vyake havitegemewi kufa kwa kupikwa.

SWALI: Mama, jirani yangu hapa Minnesota amenipa paja la kulungu aliyemwinda mwenyewe. Je, nifuate njia hiyo hiyo?
Msomaji wa Marekani

JIBU: Ndiyo, ila ondoa pia mafuta meupe yaliyo nje ya nyama, kwa sababu mafuta ya kulungu huganda mdomoni na ndiyo yenye harufu kali; badala yake paka samli. Kwanza kabisa, muulize jirani yako kama mnyama huyo alipimwa ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu (kwa Kiingereza chronic wasting disease) ambao umekwisha kupatikana katika jimbo lenu. Haujathibitishwa kumwambukiza binadamu, lakini mamlaka za afya za huko zinashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe, na moto hauuondoi. Kama majibu bado hayajatoka, igandishe nyama hiyo na uyasubiri.